Klachi ya Ukweni

Ukifika Makutano pale Meru uulize Njura fundi, mtu atakuuliza kwanza, "Njura yule Muembu?" Hakuna Njura mwingine hapo stendi yote, lakini lazima waseme Muembu, ndio ujue hawajasahau alitoka wapi. Yeye hakasiriki. Anasema, "Ndiyo, Muembu. Na si ni nyinyi mnamletea gari?" Halafu anarudi chini ya gari yake.

Ni shemeji yangu. Ameoa dada yangu Kiende. Na mimi ni dereva, na dereva ambaye hana fundi wake ni mtu wa kutembea kwa miguu, ni vile tu bado hajajua.

Njura alizaliwa upande wa Runyenjes, kwa watu wa kahawa. Babake alitaka awe mwalimu, kwa sababu kila boma hapo karibu ilikuwa na mwalimu na yao haikuwa na mmoja. Siku moja lori ya mbao ikavunjika ekseli karibu na kwao. Asubuhi Njura akaenda kuangalia. Mchana akawa anashika spana. Jioni lori ikaondoka na yeye akiwa juu ya mbao, na salamu za kwanza walizopata kutoka kwake zilitoka Meru. Mambo ya ualimu yakaishia hapo. Hiyo hadithi naipenda sana, kwa sababu hata mimi niliacha shule kidato cha pili, lakini mimi hakuna lori iliyonivunjikia. Nilichoka tu kukaa.

Huko Makutano alianza kwa kuosha bolti na mafuta ya taa. Fundi aliyemfundisha alikuwa mzee mmoja mkali, hakuwa anafundisha kwa mdomo. Anakuwekea beringi mkononi, anakwambia funga macho, zungusha, sema kama ni mzima. Ukikosea anakunyang'anya anakupatia ingine. Ndio sababu mpaka leo Njura akishika kitu ya gari anafunga macho. Mtu asiyemjua anafikiri anaombea gari.

Kujisifu pia anajua. "Gari haijawahi kudanganya mtu," anasema. "Mwenye gari ndiye mwongo." Ukimletea gari anakuhoji kama askari. Ilianza lini? Nani aliishika mwisho? Ulikuwa umebeba nini? Ukisema hukuwa umebeba kitu, anaenda kuangalia springi.

Alipokuja kwetu kuposa, baba yetu Mzee Marete alimwangalia kucha, zote nyeusi. Akamwuliza, "Kwa hivyo kazi yako ni kulala chini ya gari?"

"Ndiyo, baba. Na hata mwenye gari akilala hapo siku moja, ataona mambo."

Wazee wengine walicheka, Mzee akarudi kuangalia zile kucha. Lakini baadaye Mzee alinunua pikapu, Datsun ya kijani iliyokuwa imetumiwa na watu wengi, na tangu hiyo siku mkwe fundi akawa mkwe wa maana. Tukitoka kanisani unamsikia akiambia wenzake, "Gari yangu haiendi gereji. Gereji ndiyo inakuja kwangu."

Hayo maneno ndiyo karibu yatuue.

Hiyo Datsun ndiyo mimi naendesha. Kila asubuhi nabeba maziwa ya sosaiti, kile chama cha wafugaji, kutoka Ruiri napeleka mjini kabla jua halijakuwa kali, kwa sababu maziwa hayangojei mtu. Ndiyo kazi inaweka chakula kwa boma yetu. Sasa mwaka wa themanini na saba, mvua ya Aprili ikiwa imeharibu barabara, klachi ikaanza kuteleza. Unakanyaga mafuta, injini inalia, gari iko pale pale. Maziwa ikachelewa, ikaganda, ikarudishwa. Halafu ikachelewa tena. Ijumaa mwenyekiti wa sosaiti akaniita kando.

"Mwongera, mimi si mtu wa kelele. Jumatatu asubuhi gari yenu isipokuwa hapa, Muthamia anabeba. Na akishaanza kubeba, ni yake."

Muthamia ni jirani yetu. Ako na pikapu nzuri kuliko yetu. Hiyo siku alikuwa amesimama hapo karibu akijifanya anaangalia mawingu.

Jumatatu. Na Jumapili kwa Mzee Marete hakuna mtu anagusa spana, hata gari ikiwa imelalia mtu. Kwa hivyo tulikuwa na Jumamosi peke yake. Nikamwambia Mzee tuvute pikapu mpaka Makutano, pale Njura ako na shimo yake ya kufanyia kazi na vyuma vya kuinulia giaboksi.

"Nivutwe kwa kamba, mchana, watu wakiniona?" Mzee akasema. "Na niko na mkwe fundi? Mwambie aje."

Njura akaja Jumamosi mapema na gunia la spana begani na klachi mpya imefungwa kwa gazeti. Boma yote ilikuwa matope. Mahali pekee palikuwa na nafuu ni kati ya jikoni na zizi la ng'ombe, karibu na tangi la maji. Tukasukuma gari hapo. Njura akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasema, "Hapa ni kwa njia."

"Njia ya nani?" nikamwuliza.

"Ya mama."

Na ni kweli. Mtu wa kutoka jikoni kwenda kwa ng'ombe lazima apite hapo, na mtu wa kutoka jikoni kwenda kwa ng'ombe mchana kutwa ni mamangu, Igoki.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu kuna watu wamezaliwa mjini. Kwetu mkwe anaitwa muthoni, na mtu na mama mkwe wake ni heshima. Si kuogopana. Lakini mkwe hawezi kukutwa na mama mkwe amelala chini, miguu nje, shati imepanda mpaka tumboni. Akimsikia anakuja, anaamka, anapangusa mikono, anavua kofia, na wanasalimiana muga pole pole bila kukaziana macho. Na ile salamu mdogo haikati. Anangoja mkubwa amalize. Mama yangu ni mkubwa kwa umoja wa akina mama kanisani, ameenda semina mpaka Nairobi, na hiyo haijabadilika hata kidogo. Waembu nao ni vile vile, kwa hivyo Njura hakuhitaji mtu wa kumwambia. Mama pia anajitahidi. Akikaribia anakohoa kwanza, ndio mtu ajipange.

Kushusha giaboksi ilienda vizuri. Mama alikuwa shambani. Klachi ya zamani ilikuwa imeisha mpaka misumari yake inaonekana, na Njura akaiinua juu akaniambia, "Shemeji, hii ulikuwa unaendesha au ulikuwa unaikula?" Akafunga pleti mpya, akaiweka katikati vizuri, akakaza presha pleti inayoibana akizunguka bolti moja moja, akiimba wimbo wa kanisa.

Ngumu ni kurudisha. Giaboksi ni chuma nzito, na vile vyuma vya kuinulia vilibaki Makutano. Njura alilala chali kwenye gunia, akaiweka kifuani, akaisukuma juu na mikono na magoti, mimi nikiwa nimelala upande ule mwingine naelekeza shafti iingie kwa tundu ya klachi pleti. Ilikataa, ikakataa, halafu ikaingia. Ulisikia tu imesema "klop".

"Imeingia!" nikapiga kelele.

"Weka hiyo mbao hapo kando chini ya mkia wa giaboksi. Bolti ziko kwa mfuko ya shati yangu. Nitolee—"

Tukasikia mtu amekohoa.

Njura aligeuza kichwa. Akaniangalia kupitia pale chini ya giaboksi.

"Shika," akasema.

"Nashika na nini?"

"Na Mungu."

Akateleza akatoka. Mimi nikabaki na ile chuma. Mkia ulikuwa kwa mbao, na mbao ilikuwa kwa matope, ikaanza kuzama pole pole. Pua ilikuwa imeingia kwa klachi pleti, hakuna bolti hata moja. Na huko nje naona viatu vya Njura vimepangana vizuri kama vya mtu ako kanisani, na viatu vya mama mbele yake, na birika la uji.

"Muga, muthoni."

"Muga, mama."

"Mlilala salama huko Makutano?"

"Salama, mama."

"Na Kiende?"

"Ako salama. Alisema atakuja kesho."

"Na mama yako, ule mguu wake?"

"Umepata nafuu, mama. Siku hizi anafika mpaka kwa kahawa."

"Na kahawa, ilitoa maua?"

Ilikuwa imetoa. Wakaongea juu ya maua ya kahawa. Wakaongea juu ya mvua ya Embu na mvua ya Ruiri. Wakaja kwa habari ya ng'ombe. Mimi nikaguna huko chini, kwa sababu mikono ilikuwa inaniisha.

"Nani huyo analia?" mama akauliza.

"Ni Mwongera, mama."

"Mwambie aache uvivu. Uji ndio huu."

Uji ukanywewa, kwa sababu uji wa mama mkwe hauwekwi chini ukapoe. Halafu Njura akarudi, akainua mkia, akafunga bolti zote, na saa ile tulikuwa tunafurahi tu kwamba haikuniangukia.

Baada ya chakula cha mchana tukawasha. Mzee alikuwa ameita jirani mmoja wawili waone, na Muthamia akaja bila kuitwa. Nikakanyaga klachi mpaka chini, nikatia namba moja. Ikakataa. Nikalazimisha, ikalia krrr. Nikajaribu rivasi. Hiyo ilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia, kama kinu cha posho kimewekewa mawe.

"Hiyo ni nini?" Mzee akauliza.

"Klachi ni mpya," Muthamia akasema. "Kitu mpya huwa ngumu. Kwani kiatu mpya haibani? Iendeshwe tu, itazoea."

Mzee akaipenda hiyo. "Unasikia, muthoni? Itazoea."

"Baba, kiatu hubana kikiwa kidogo," Njura akasema. Hakuwa na haraka. "Klachi mpya ndiyo inafaa kuwa laini kabisa siku ya kwanza. Ikiwa ngumu, kuna kitu. Tukiilazimisha tunamaliza meno ya gia, na hapo hatutakuwa tunaongea juu ya klachi. Mwongera, zima injini."

Nikazima.

"Tia gia zote."

Moja, mbili, tatu, nne, rivasi. Zikaingia kama kisu kwa parachichi.

"Basi giaboksi haina shida," akasema, akiwaangalia wote kama mwalimu yule babake alitaka. "Injini ikiwa imezimwa zinaingia, ikiwaka zinagoma. Maana yake klachi haiachi. Tukanyage mpaka kesho, yeye bado ameshikilia injini. Sasa tutafute kwa nini."

Akaanza kwa pedali. Akaisukuma na mkono, akaangalia kama inafika chini, akatoa hata kile kizulia cha gunia niliweka hapo kwa sababu ya baridi. Akarekebisha ile fimbo ya pedali. Tukajaribu. Krrr. Akasema labda kuna hewa kwa mafuta ya klachi. Mimi nikapampu, yeye chini akafungua nati, mafuta yakatoka kwa mkebe na vipovu kidogo, tukarudia mpaka vipovu vikaisha. Tukajaribu. Ilikuwa imepungua kelele, lakini bado. Akapiga jeki nyuma mpaka magurudumu yakawa hewani, akaniambia nikanyage klachi, nitie moja, niwashe. Nikawasha nikiwa nimekanyaga mpaka chini. Magurudumu yakazunguka.

"Mnaona?" Njura akasema. "Dereva amekanyaga, na gari inataka kwenda."

"Kwa hivyo imeharibika," Muthamia akasema.

"Kwa hivyo inaongea. Nyamaza tuisikie."

Akarudi chini. "Kanyaga. Wacha. Kanyaga tena." Alikuwa anaangalia ile uma inayosukuma klachi. Ilikuwa inasukuma mpaka mwisho, hakuna kitu inakosa. Akatoka, akakaa kwa jiwe karibu na tangi, akafunga macho. Mikono ilikuwa inazunguka kitu ambacho hakikuwepo. Halafu akafungua macho. Akaangalia ile mbao, vile ilikuwa imezama kwa matope. Akaangalia njia ya jikoni.

Nikaenda nikachuchumaa karibu na yeye.

"Ni pleti," akaniambia pole pole. "Imepinda. Giaboksi yote ilining'inia kwa pleti wakati nilikuwa nasalimia. Sasa presha pleti ikirudi nyuma, kuna mahali moja pleti bado inagusa. Inakokota gia. Ndiyo maana."

"Basi mwambie Mzee."

"Nimwambie nini? Kwamba mama alisalimia sana?"

"Mimi nitasema."

"Ukisema nakutoa meno. Mama alileta uji, kwani uji ni makosa? Na mimi kusimama si makosa. Kitu moja tu. Ningefunga bolti mbili kwanza. Ningesema ngoja kidogo."

"Ungemwambia mama mkwe ngoja kidogo?"

Akafikiria. "Hapana."

Akaamka akaenda mbele ya Mzee. "Baba, naishusha tena. Lakini si hapa. Naitoa nje ya boma, naenda nayo pale barabarani, stendi ya maziwa wanapopakia."

Mzee alishtuka kama mtu amemwagiwa maji. "Barabarani? Gari yangu ifunguliwe barabarani kama ya mtu hana boma? Kwa nini?"

"Kosa la kwanza ni langu, baba. Giaboksi ilining'inia kabla sijafunga bolti, ikapinda pleti. Naweza kuinyoosha leo hii. Jumatatu maziwa itaenda. Lakini hapa siwezi."

"Nimekuuliza kwa nini hapa huwezi."

"Hiyo naomba usiniulize."

Muthamia akacheka na pua. "Sema tu umeshindwa, Muembu. Si dhambi."

Mzee akavuta pumzi. Nilimjua. Alikuwa karibu kusema maneno yale ambayo yakishatoka, mkwe anachukua gunia lake na harudi mpaka watu wakae kikao. Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme yote, meno yatoke yasitoke.

Tukasikia mtu amekohoa.

Ilikuwa ni mama anatoka kwa ng'ombe na ndoo. Njura aligeuka pale pale. Kofia ikatoka. Mikono yenye mafuta ikaenda nyuma ya mgongo. Kichwa kikainama kidogo. Mama akasimama, akasema, "Bado mnafanya kazi, muthoni? Mungu awatie nguvu," na yeye akajibu, na mama akauliza kama uji ulitosha, na yeye akajibu, na akauliza kama awaletee mwingine. Sisi wote tulingoja. Ndoo ilikuwa nzito na mama hakuwa na haraka nayo.

Mzee alikuwa anaangalia. Alimwangalia mkwe wake vile amesimama. Akaangalia gari, hapo katikati ya njia. Akaangalia ile mbao kwa matope. Mzee naye alioa, na mama mkwe wake, bibi yetu wa Kianjai, alikuwa mtu wa salamu ndefu kuliko hata za mama.

Mama alipoingia jikoni, Mzee akakohoa yeye mwenyewe.

"Sasa itatoka aje," akasema, "na gia haziingii?"

Njura akavaa kofia. "Itatoka. Mwongera, panda. Usiwashe. Tia moja injini ikiwa imezimwa. Umetia? Haya, sasa piga stata na usiogope."

Nikapiga. Gari ikaruka kama ndama amefunguliwa, ikaruka tena, injini ikashika, na tukaondoka na namba moja, hakuna klachi, hakuna kusimama. Muthamia alikuwa mbele. Sijawahi kuona mtu mzima ameruka ua wa michongoma namna hiyo. Njura alikuwa anakimbia kando ya mlango akicheka, "Usizime! Usizime! Shemeji, wewe sasa ni rubani!"

Pale stendi ya maziwa ardhi ni ngumu, iko na changarawe. Tukashusha giaboksi. Njura akaitoa ile pleti, akaivalisha kwa shafti ya giaboksi hapo chini kwa nyasi, akaizungusha na kidole. Akashika msumari karibu na ukingo wake, usiguse. Ukitazama ukingo, mahali moja ulikuwa unasogelea msumari mpaka unaukwaruza, upande ule mwingine unaukimbia.

"Unaona vile inacheza?" akaniambia. "Pleti haifai kucheza. Inafaa kuzunguka kama imekufa."

Akaweka alama ya chaki pale palikuwa panagusa. Akaitoa, akaiweka kwa goti, akafunga macho, akasukuma na viganja, kidogo tu. Akairudisha, akazungusha. Bado. Akaitoa tena. Mimi nikamwambia apige na nyundo tumalize, jua linaenda.

"Nyundo ni ya mtu ameshindwa," akasema. "Hii inabembelezwa."

Watu wa sokoni walikuwa wanapita wakirudi. Kila mmoja na maneno yake. Mwingine akauliza kama Mzee Marete amefukuza gari nyumbani. Mwingine akasema sasa gereji ya Makutano imehamia kwa maziwa. Njura aliwajibu wote bila kufungua macho. Mwishowe akazungusha pleti na msumari ukiwa karibu kabisa, karibu kama karatasi, na haukugusa mahali popote. Akaniwekea mkononi.

"Funga macho. Ni mzima?"

Nikafunga. Nikazungusha. "Ni mzima."

"Sawa. Nilikuwa najua. Nilitaka wewe ujue."

Wakati wa kuinua giaboksi tulipanga mawe chini ya mkia, juu ya mawe kipande cha mti wa mkima, na bolti zilikuwa kwa meno yake, si kwa mfuko. Shafti ikiwa ndiyo imeingia, mzee mmoja wa kanisa akasimama hapo barabarani na fimbo yake, akaanza, "Muga! Nani huyo yuko chini?"

"Ni mimi, baba!" Njura akapiga kelele na bolti mdomoni. "Siwezi kutoka, nimeshika mtoto!"

Yule mzee wa kanisa akacheka, akaenda zake.

Ng'ombe walikuwa wanarudishwa nyumbani wakati tuliwasha. Nikakanyaga, nikatia moja. Ikaingia. Nikatia rivasi, hiyo yenye kelele yote, na ikaingia bila hata kusema kitu. Nikaenda mbele, nikarudi nyuma, nikaenda mbele, mpaka Njura akanigongea kwa bodi niache kumaliza petroli. Baba alikuwa amekuja pole pole, amesimama kando ya barabara, watu wote wakimwona na gari yake. Akafungua mlango akakaa upande wa abiria.

"Ndio hiyo?"

"Ndio hiyo, baba."

"Basi twende nyumbani. Mama yenu amechinja kuku." Halafu akatoa kichwa kwa dirisha. "Muthoni, wewe panda mbele hapa na mimi. Mwongera atasonga."

Jumapili hakuna mtu aligusa spana. Kiende alikuja, wakaenda kanisani wote wawili, na Njura akaimba kwa nguvu kama kawaida yake.

Jumatatu alitaka kurudi Makutano, kwa hivyo akapanda na mimi kwa gari ya maziwa. Tulipofika pale stendi ya maziwa, pikapu ya Muthamia ilikuwa imeshaegeshwa, imeoshwa, nyuma imewekwa turubali. Yeye alikuwa ndani amekaa. Mwenyekiti alitoka, akaangalia gari yetu, akaangalia ya Muthamia. Mimi sikuzima. Nikaweka rivasi pole pole, nikairudisha nyuma mpaka kwa jukwaa, hakuna kelele ila ya injini. Mwenyekiti akasikiliza kidogo.

"Haya," akaambia vijana. "Pakia."

Muthamia alitoa turubali yake akakunja, akaondoka.

Tukashika njia tukiwa tumejaa mpaka springi zinalia. Baada ya daraja kuna kile kilima ambapo klachi ya zamani ilikuwa inaniaibisha. Nilikuwa nimeshika usukani na mikono yote, masikio yangu yako chini kwa sakafu, nangoja hata ka-krrr kadogo. Nikamwambia Njura, "Sikiliza vizuri, hapa ndipo tutajua." Nikamwangalia. Alikuwa amelala, kofia kwa macho, mdomo wazi, kichwa kinagonga dirisha.

Nikatia mbili, tukapanda. Juu kabisa nikatia tatu, na hakuamka.